Haki Aliyoidai kwa Jina Lake: Mwanamke katika Fasihi na Historia ya Afrika Mashariki

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mama zangu na dada zangu, ndugu zangu nyote mliohudhuria, nawashukuru kwa kunialika na kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limenishughulisha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu.

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka, tunapofika kwenye Utendi wa Mwana Kupona, hutokea mwanafunzi, aghalabu msichana aliyekaa safu za nyuma, akauliza swali lile lile: Mwalimu, bibi huyu alikuwa anatutetea au alikuwa anatufunga? Nilipokuwa kijana nilikuwa nalijibu swali hilo haraka, na jibu langu lilibadilika kufuatana na kitabu cha mwisho nilichokuwa nimekisoma. Siku hizi sina haraka nalo. Nimetambua kwamba msichana yule hamuulizi Mwana Kupona peke yake. Anauliza juu ya namna tunavyowakumbuka wanawake wetu wote, walioandika, walioimba, walioongoza na waliosimama mbele ya mahakama. Hoja nitakayoitetea jioni hii ni kwamba kumbukumbu yetu imekuwa na mikono miwili isiyo sawa. Mwanamke anapomtumikia mume, ukoo, chama au taifa, tunampokea kwa mkono wa kulia na kumtungia nyimbo. Anapodai kitu kilicho chake, kwa ajili yake na kwa jina lake mwenyewe, tunanyamaza, au tunaona haya kwa niaba yake. Nami naamini kwamba uhuru wa mwanamke umepiganiwa hasa katika nusu hiyo ya pili, ambayo hatukuisimulia.

Niruhusuni nianze na huyo Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambaye kwa miaka mingi alikataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Zanzibar. Alitunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijria, yaani mnamo 1858, akiwa mjane na akiwa mgonjwa, na inakadiriwa kwamba alifariki miaka miwili baadaye. Wengi wenu mnaujua mwanzo wake kwa moyo: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asaa ukazingatia." Kisha anamweleza binti yake, Mwana Hashima, kwamba maradhi yamemshika hata yametimia mwaka, naye hajapata kutamka neno jema la kumwambia. Yanayofuata ndiyo yaliyoufanya utendi huu ukaririwe majumbani kwa zaidi ya karne moja na nusu: kwamba mwanamke anahitaji radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na hiyo ya mume ndiyo inayopewa beti nyingi, za kumpepea anapolala, za kutopaza sauti akiwa usingizini, za kuketi papo hapo ili akiamka asimtafute.

Kwa sababu ya beti hizo utendi umewekwa kwenye rafu ya vitabu vya utii, na wapo wasomi wa kike wa kizazi changu walioukataa kabisa. Siwalaumu, kwa kuwa binti aliyekaririshwa beti hizo siku ya kuolewa kwake, na akazikumbuka usiku anapopigwa, hawezi kuombwa avutiwe na ufundi wa vina. Hata hivyo naomba tusome ubeti mmoja wa mwanzoni ambao mara nyingi tunaupita mbio: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi, moyoni nina hadithi, nimependa kukwambia." Mama anamwita binti yake aje mbele, akae, akiwa na wino na karatasi. Katika mji ambao elimu ya kalamu ilijulikana kuwa ya masheikh na watoto wao wa kiume, hapa wako wanawake wawili peke yao, mmoja anasema na mwingine ana vifaa vya kuandikia, na hakuna mwanamume anayeombwa ruhusa. Humo humo ndani ya mafundisho ya utii anamwambia binti yake amtunze mume "kama kijana asiyoyua kunena", yaani kama mtoto mdogo asiyejua kusema, na nadhani kila mwanamke aliyeusoma mstari huo alielewa ni nani, katika picha hiyo, mwenye akili ya kuongoza nyumba. Mwishoni anazitaja beti zake kwa idadi na anauandika mwaka, kama afanyavyo mtu anayejua kwamba kazi ni yake na hataki ipunguzwe wala iongezwe. Sisemi kwamba alikuwa mwasi, aliyaamini aliyoyaandika. Ninachosema ni kwamba vizazi vilivyofuata vilihifadhi utii aliousifu, vikausahau uwezo alioutumia kuusifu.

Katika mwaka huo huo alipokuwa akitunga, mjini Zanzibar kulikuwa na msichana wa miaka 14, binti wa yule yule Sayyid Said ambaye mume wa Mwana Kupona alipambana naye. Jina lake ni Salme. Binti wa mfalme alifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakufundishwa, kwa kuwa kuandika hakukuonekana kuwa jambo la mwanamke. Salme alijifunza kwa siri: alitafuta mfupa bapa wa bega la ngamia, akaugeuza ubao, akawa ananakili juu yake herufi za msahafu mpaka mkono wake ukazoea. Katika historia yetu ya elimu tumewasifu wamisionari, tumezisifu madrasa na serikali, na sijui kwa nini mfupa ule haujapata nafasi katika vitabu vya watoto wetu, maana sijaona mfano ulio wazi kuliko huo wa mtu kuichukua elimu aliyonyimwa.

Na tazameni kalamu hiyo ilivyotumika. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa ameshika utawala, alihitaji mtu wa ndani wa kuaminika anayejua kuandika, na Salme, angali msichana, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama ile. Njama ilishindwa na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1866 Salme aliondoka Zanzibar kwa siri akaenda Aden, na baadaye akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akaishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mume alifariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Alipotaka mirathi yake nyumbani, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha usultani alikuwa Barghash, ndugu aliyeandikiwa barua zile. Salme alirudi Zanzibar mwaka 1885 akisindikizwa na manowari za Ujerumani, ambayo ilikuwa inamtumia kumtisha Sultani na ikamwacha ilipopata ilichokitaka. Alirudi tena mwaka 1888, na mara zote mbili hakupewa haki aliyoidai. Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1886, alichapisha kumbukumbu za maisha yake mjini Berlin. Alipoandika kwa ajili ya kaka yake alikuwa dada mwaminifu. Alipoandika kwa ajili ya fungu lake mwenyewe alihesabiwa kuwa mtoro na mwenye kuvunja heshima ya nyumba.

Sitaki kumpamba Salme kupita kiasi. Alilelewa katika nyumba kubwa zilizosimama juu ya migongo ya watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa kwa namna inayoniumiza kila ninapoisoma. Mama yake mwenyewe alikuwa suria, mwanamke wa Kicherkesi aliyenunuliwa akiwa mtoto. Hapa kuna jambo la kisheria ambalo kila mwanafunzi wa historia ya wanawake pwani anapaswa kulijua. Mwaka 1897 serikali ya Zanzibar, chini ya shinikizo la Waingereza, ilitangaza kwamba hadhi ya utumwa haitambuliwi tena mbele ya sheria. Lakini masuria waliachwa nje ya tangazo hilo, kwa hoja kwamba hao ni watu wa ndani ya nyumba na kuwagusa ni kuivuruga familia. Iliwapasa kungoja hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12, basi, mtumwa mwanamume wa shambani aliweza kwenda mahakamani kuudai uhuru wake, wakati mwanamke aliyekuwa ndani hakuweza, kwa sababu utumwa wake ulikuwa umepewa jina la ndoa au jirani ya ndoa. Naomba msiisahau hoja hiyo ya kutoigusa familia, maana tutakutana nayo tena.

Katika dunia hiyo ndimo alimozaliwa, mnamo 1880 huko Fumba, mtoto wa wazazi waliotokana na utumwa ambaye aliitwa Mtumwa. Hakusoma. Aliolewa, akaachwa, akawa anafinyanga na kuuza vyungu, akivitembeza mitaani na kuvinadi kwa sauti. Alipohamia mjini sauti hiyo ilisikiwa na wanamuziki, akafundishwa, na jina la Mtumwa likaachwa nyuma. Dunia ilimjua kwa jina la Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na santuri hizo za Kiswahili zilinunuliwa pwani yote na bara. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, na ni jambo la kushukuru kwamba mwandishi wetu mkuu aliona maisha ya mwanamke asiye na ukoo yanastahili kitabu.

Waliomwonea wivu walimtungia maneno kwamba alitoka shamba na kaniki, na kama si sauti angekula nini. Naye aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Majibizano hayo yanajulikana. Yanayostahili kujulikana zaidi ni kwamba Siti aliimba kesi za mahakamani. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni mwenye mimba, aliyechukuliwa kwenda kustarehe na asirudi. Muuaji alitoroka kisiwani, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi walijikuta wao ndio wanaobanwa na sheria kwa ajili ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Hakukuwa na gazeti la wanawake wala wakili wa kuwasemea. Palikuwa na wimbo, na wimbo ulikwenda na santuri mpaka mahali ambapo hukumu ya hakimu haikufika. Ninapoulizwa fasihi imewafanyia nini wanawake wa pwani, nautaja wimbo huu kabla ya riwaya yoyote.

Bara nako walikuwapo walioinuka, na historia imewatendea vema zaidi kwa sababu walichokidai kilikuwa cha watu wote. Mekatilili wa Menza, mwaka 1913, aliwazungusha Wagiriama vijijini kwa ngoma ya kifudu, akawakusanya kwenye Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, na kuwalisha kiapo cha kutowapa Waingereza vijana wa kazi wala kodi. Alikamatwa, akahamishiwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu kutoka upande wa pili wa nchi. Mary Muthoni Nyanjiru, tarehe 16 Machi 1922 jijini Nairobi, aliwakemea wanaume waliotaka kurudi nyumbani bila Harry Thuku, kiongozi wa siasa aliyekuwa amekamatwa, kuachiliwa, akainua nguo yake mbele yao kama walivyofanya wanawake wa Kikuyu walipotaka kutoa laana kali, na akawa miongoni mwa waliouawa kwa risasi. Tunawaheshimu, na ni haki. Lakini jiulizeni ni nani kati yetu anayejua chochote juu ya kile ambacho Nyanjiru, mbali na siku ile moja, alikitaka maishani mwake.

Yule ambaye ningependa tukae naye kitako ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akapata elimu ya shule za msingi tu, akawa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU kama chama chao kina wanawake, na ikadhihirika kwamba chama kilichokuwa kinadai kuwasemea watu wa Tanganyika kilikuwa hakijawaandaa nusu ya watu hao. Bibi Titi akapewa kazi. Alichokifanya hakikuwa muujiza, na kukiita muujiza ni kukidhalilisha. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, vikundi vya lelemama na vinginevyo, ambavyo vilikuwa na wanachama, michango, sare, vyeo na namna ya kupelekeana habari kutoka mtaa hadi mtaa, akawaambia kazi iliyopo. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Mtafiti Susan Geiger, aliyekaa na wanawake hao na kuyaandika maisha yao, alionyesha jambo ambalo historia za vyama hazikulisema: kwamba wanawake hawa, wengi wao Waislamu wa mjini wenye umri wa makamo na elimu ndogo, walikuwa tayari na siasa yao ya umoja uliovuka makabila kabla chama hakijawafikia. Chama kilikuta mtandao, kikautumia.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Bibi Titi alikuwa akijulikana nchi nzima. Aliingia Bungeni, akawa Waziri Mdogo, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge. Kisha likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba, naye hakukubaliana na sharti hilo, akaacha uongozi. Nalisema jambo hili kwa uangalifu, kwa sababu naliheshimu Azimio na najua lilikusudia kuzuia viongozi wasigeuke makabaila. Lakini naomba wanaume waliomo humu ukumbini wajiulize nyumba ilikuwa na maana gani kwa mwanamke wa mjini wa kizazi kile, asiye na shahada wala pensheni, ambaye talaka ya maneno matatu ingeweza kumtoa nje usiku wowote. Nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo uzee wake. Kanuni iliyoandikwa kwa usawa iliwaangukia watu wasiokuwa sawa, na hapakuwa na mtu katika chumba cha kuandika aliyeliuliza swali hilo.

Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiliwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Miaka mingi ya kimya ilifuata, kabla jina lake halijaanza kutajwa tena hadharani kama shujaa wa uhuru, naye akafariki Novemba 2000. Leo barabara moja kubwa katikati ya Dar es Salaam ina jina lake. Sitoi hukumu juu ya kesi ile. Naliangalia jambo moja dogo tu, kwamba katika maneno ya kumsifu tunayoyasikia kila Desemba, ile sauti iliyokusanya watu inatajwa, na mwanamke aliyesema nyumba zangu ni zangu hatajwi hata kidogo.

Sasa niigeukie fasihi ya baada ya uhuru, kwa maana hapo ndipo nusu iliyonyamaziwa ilipoanza kusemwa. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, riwaya ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, na ambaye hofu aliyopandwa nayo nyumbani inamfuata shuleni na chuoni mpaka anajiua. Riwaya ilizuiwa isisomwe shuleni, kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Watu walikasirishwa na yale aliyoyafanya Rosa. Waliokasirishwa na fimbo ya Zakaria hawakuwa wengi. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimweka Maimuna ndani ya nyumba ya Bwana Maksuudi, baba mwenye cheo na mwenye uchafu mwingi nje, ambaye heshima yake inalindwa kwa kufuli lililofungwa juu ya binti yake. Maimuna anatoroka na kutumbukia katika ukahaba na ulevi. Riwaya hizi mbili nazipenda, ila nina neno nazo, nalo ni kwamba katika zote mbili msichana anayeuvunja mlango analipa kwa mwili wake, kana kwamba waandishi wetu wanaume, hata walipomhurumia, hawakuweza kumwona mwanamke aliye huru na aliye salama kwa wakati mmoja.

Penina Muhando, ambaye wengi tunamjua pia kwa jina la Penina Mlama, alilitazama jambo kutoka ndani. Katika Nguzo Mama, tamthilia yake ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Wanavuta kamba, wanapanga mikutano, wanagombana, mmoja ana mume mlevi anayekula jasho lake, mwingine amefiwa na ndugu wa marehemu wanakuja kuichukua mali, na hadi mwisho nguzo haijasimama. Nimewahi kuongoza wanafunzi walioiigiza, na nakumbuka baadhi ya watazamaji walitoka wakisema kwamba mwandishi amewatukana wanawake wenzake kwa kuonyesha kuwa hawawezi kushirikiana. Naamini hawakuitazama nguzo yenyewe. Nguzo ni nzito kwa sababu kila anayeivuta ana mkono mmoja tu ulio huru. Wa pili umeshikwa na mume, au na mtoto mgonjwa, au na shemeji aliyekuja na orodha ya vyombo. Mjane yule anayenyang'anywa ndiye, kwa macho yangu, moyo wa tamthilia, maana kwake umoja na utengano si suala la tabia. Hawezi kuja mkutanoni kwa kuwa leo hana pa kulala.

Sheria ililifikia swali la mwandishi huyo mwaka mmoja baadaye. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1971, mwaka ule ule wa Rosa Mistika, iliruhusu mahakama kugawa mali ya ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Majaji waligawanyika kwa miaka zaidi ya kumi: je, kupika, kufua, kulea na kumtunza mume ni kazi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri linalojulikana kwa jina la Bi Hawa Mohamed, ilijibu kwamba ndiyo, shughuli za mke nyumbani ni mchango katika kuipata mali. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo katika shauri lile, ila wanawake waliokuja nyuma yake wamelitegemea hadi leo. Mtaona ajabu ya safari hii. Beti za Mwana Kupona zilikuwa zimeorodhesha kazi hizo moja baada ya nyingine, kupepea, kukesha, kupamba nyumba, zikaahidi malipo yake akhera. Na baada ya miaka 125 mahakama ikakubali kwamba sehemu ya malipo inaweza kudaiwa hapa hapa duniani.

Sheria hiyo hiyo ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuolewa kuwa miaka 18 kwa mvulana, na 15 kwa msichana mwenye ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kifungu hicho kinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya Serikali. Mliosikiliza hoja za utetezi wa kifungu kile, kwamba kinalinda mila na familia, mtakumbuka niliyowaomba msiyasahau juu ya masuria wa Zanzibar.

Nimalizie na shauri ambalo huwasomea wanafunzi wangu badala ya kuwajibu lile swali lao. Bi Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, akiwa mzee, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ndugu yake akaenda mahakamani kudai shamba lirudi, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini zilimkataza kuiuza, wakati mwanamume hakukatazwa kwa namna hiyo. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ni ya ubaguzi, inapingana na Katiba, na kwamba uuzaji ulikuwa halali. Miaka tisa baadaye, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Kila mwaka baadhi ya wanafunzi, hata wasichana, huniuliza kwa nini aliliuza shamba la baba yake, alikuwa na shida gani, na kama hakuwa na watu wa kumsaidia. Wangekuwa radhi naye kama angeliuza ili kumsomesha mjukuu au kumtibu mgonjwa. Huwaambia kwamba hukumu haikumdai sababu ya aina hiyo, na wala sisi hatuna ruhusa ya kumdai. Kisha huwapa kazi ya kufanya likizo, na kazi hiyo hiyo naomba niwaachie nanyi, hasa vijana. Nendeni kwa bibi zenu wakiwa bado wanakumbuka, wale waliocheza lelemama, waliochukua kadi za chama, waliofinyanga, waliofiwa na kunyang'anywa. Msiwaulize walilifanyia nini taifa, kwa sababu hilo wamezoea kuulizwa na jibu lake wanalo tayari. Waulizeni walitaka nini kwa ajili yao wenyewe, na walipokitaka nani aliwazuia, na muwe na wino na karatasi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.